Kasi ya Kumjibu Mama

Stendi nzima ilimwita Kipaza, na jina lilimkaa mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo nyumbani. Kazi yake ilikuwa kukaa katika kile chumba cha vioo juu ya ofisi za tiketi, mdomo mbele ya kipaza sauti, akiwaambia watu basi gani linaondoka, gani limechelewa, na mtoto wa nani ameonekana analia karibu na mlango wa choo. Alikuwa na sauti nene, ya taratibu, isiyojua haraka. Walikuwepo abiria waliosema kwamba Kipaza akikutangazia kuwa basi lako limekufa njiani, unaondoka umeridhika kama mtu aliyekwisha kufika.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Alidhani ni mafua, akanywa maji ya moto, akatafuna tangawizi, akaendelea kutangaza. Sauti ikazidi kukauka. Siku moja alitangaza basi la mchana na watu chini wakacheka, wakidhani anaigiza mzee fulani. Hospitali walikuta uvimbe, na uvimbe ulikuwa umeshakaa mahali pabaya. Wakautoa pamoja na zoloto, kile kisanduku chenyewe cha sauti, wakamwachia tundu dogo la kupumulia chini ya koo. Kila aliyekuja kumwona alimwambia kuwa amepona na ashukuru. Naye alishukuru, kwa kutikisa kichwa.

Stendi hawakumfukuza. Walimhamishia stoo ya mizigo, kazi isiyohitaji maneno, na kule juu kwenye vioo wakamweka binti mmoja anayesoma matangazo kama anayekimbizwa. Kipaza alizoea. Akitaka kitu anaandika kwenye simu na kumwonyesha mtu. Wapakizi wa stoo walizoea kusoma, wenye mizigo walizoea kusubiri, na mkewe akafikia hatua ya kumwelewa kwa nyusi tu.

Taabu ilikuwa mama yake.

Mama yake Kipaza hakuwa anaona. Macho yalimwisha kidogo kidogo miaka mingi nyuma, na tangu hapo dunia yake yote ilihamia masikioni. Alijua mkwewe kaudhika kwa namna anavyoweka sufuria chini. Alijua mwanawe kachoka kabla hajamaliza salamu. Waliishi nyumba moja, na kila Kipaza alipotoka kazini, burudani yao ilikuwa ile ile: mama kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, mwana kwenye kochi, wanabishana juu ya habari za redioni, wanawasema majirani, wanacheka mpaka mke anachungulia kutoka jikoni kuuliza kumetokea nini.

Aliporudi kutoka hospitali, mama alimpapasa uso, akashuka hadi shingoni, vidole vikaligusa lile tundu na kusimama hapo. Hakulia. Alisema maadamu mwanawe anapumua, mengine yote ni madogo. Lakini siku zilivyosogea, hilo dogo likakua. Kipaza alikuwa akiandika, na mkewe anamsomea mama. Mama alisikiliza, akajibu, kisha siku moja akasema kwa upole kabisa, "Nikiongea na mkwe wangu, naongea na mkwe wangu. Mwanangu yuko wapi?"

Wakajaribu simu. Ndani ya simu kulikuwa na kitu cha kusoma maandishi kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke mkavu, anayetamka kila neno kama anapiga muhuri. Mchana mmoja Kipaza akiwa peke yake na mama aliandika, akabonyeza. Mama akageuza kichwa, akakaza uso, akauliza huyu mwanamke kaingia saa ngapi, na je, mkewe ana habari? Mke alipohadithiwa alicheka hadi akashika ukuta. Kipaza alicheka pia, kicheko chake kipya cha hewa tupu inayotoka shingoni, na mama hakukisikia.

Baada ya hapo mama alianza kunyamaza. Si kwa hasira. Alikuwa akianza hadithi, anafika katikati, anangoja ile "ehee" ya mwanawe, haiji, anaiacha hadithi njiani. Kipaza alijitahidi kumgonga mkono kidogo kama kuitikia. Mama alisema kugongwa mkono ni kama kuongea na mlango. Ikafika siku akampigia simu binti yake, dada mkubwa wa Kipaza aliyeolewa mji mwingine, akamwomba aje amchukue. Alisema nyumba ile imekuwa kimya na kimya kinamwogopesha, kwa sababu kwa asiyeona, kimya ndicho giza. Dada akaahidi kuja Jumamosi.

Kipaza alisimama mlangoni, akayasikia yote yale. Maji yalimfika shingoni, na shingo yenyewe ndiyo hiyo iliyotobolewa. Alitaka kusema asiende. Neno moja tu. Akaingia chumbani, akakaa kitandani, akafungua mdomo na kuusukuma upepo kwa nguvu zote kana kwamba pengine kuna kitu kimebaki. Hakukuwa na kitu.

Aliyemtoa hapo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake sokoni. Alikuwa na jambo analolifanyia kazi kimyakimya tangu operesheni, maana hakutaka kumpa mtu matumaini hewa. Stendi walikuwa na rekodi za matangazo ya Kipaza ya miaka na miaka. Shemeji alizikusanya, akazituma kwa mwenzake mwenye mitambo mikubwa, na yule mwenzake akazipitisha kwenye programu na kumrudishia faili moja zito: sauti ya Kipaza, inayoweza kusema neno lolote litakaloandikwa.

"Sauti yako ipo, shemeji," alimwambia. "Inahitaji mashine ya kuibeba tu. Simu haiwezi, itakufa."

Wakaunda mashine. Shemeji alileta boksi la kompyuta lililokaa kibandani kwake, bodi ya kuchomekea vifaa vyote, na prosesa nzuri aliyoipata kwa mteja. Kadi kubwa ya picha, ambayo ingefanya kazi hii kwa kucheka, ilikuwa nje kabisa ya uwezo wao, kwa hiyo prosesa ingelazimika kuibeba kazi yote yenyewe. Memori waliweka kipande kimoja kilichokuwa kwenye droo, cha kasi ya chini kuliko zote. Wakaifunga sebuleni, juu ya meza karibu na kiti cha mama, kibodi na spika mbili pembeni.

Kipaza akaandika salamu. Akabonyeza. Kikawa kimya. Mama, ambaye alikuwa ameelezwa, alingoja, mikono imekumbatana. Akasikia kimya, akadhani imeshindikana, akaanza kumuuliza mkwewe kama maji yameanikwa au nguo, akajichanganya, akacheka. Ndipo spika zikasema, kwa ile sauti nene ya stendi, "Mama, shikamoo."

Mama akashika mdomo.

Alipojikusanya akasema marahaba, akamuuliza amelala vipi. Kipaza akaandika mbio. Kimya kikarudi. Mama akashindwa kungoja, akauliza kama anakula, na kama lile tundu linamuuma. Jibu la kulala likaja wakati swali limeshafika kwenye tundu: alikuwa akiulizwa kama anaumwa, na mashine ikasema, "Vizuri sana, mama, kama mtoto." Mama akajaribu tena, na kila alichouliza kilijibiwa na jibu la swali lililopita, kama watu wawili wanaopishana kwenye korido wakisalimiana migongo. Mwisho akasema amechoka, akaomba apelekwe kulala, na jua bado lilikuwa juu.

Shemeji alieleza tatizo kwa lugha ya stendi ili lieleweke. Prosesa ni utingo aliyesimama juu ya basi akipanga mizigo. Memori ni wapakizi wanaomletea mizigo kutoka stoo. Kila neno analoandika Kipaza, lile faili zima la sauti lazima lipite mikononi mwao, tena na tena. Utingo ana nguvu, ila wapakizi wanatembea, na wanatumia mlango mmoja. Wao wakiweka vipande viwili vya memori vinavyofanana, milango inakuwa miwili. Wakichagua vya kasi kubwa, wapakizi wanakimbia.

Kipaza aliandika: *Twende sasa hivi.*

Duka lilikuwa la vioo, lenye taa nyingi kuliko bidhaa. Vipande vya memori vilipangwa nyuma ya kaunta kwenye pakiti ngumu, na kila pakiti iliandikwa namba ya kasi kwa herufi kubwa, maana hiyo ndiyo inayouza. Zilikuwepo za elfu sita. Juu yake zilikuwepo za elfu saba na mia mbili, zenye mabati mekundu mgongoni utadhani magari ya mashindano. Shemeji alichukua za elfu sita, akazigeuza, akasoma nyuma, akasema hizi ndizo. Alisema namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni ahadi ya memori peke yake. Prosesa na bodi navyo vina lao la kusema, na prosesa hii juu ya elfu sita huwa inaanza ujeuri. Tofauti ya kasi, alisema, ingekuwa ndogo tu.

Kipaza akalishika lile neno "ndogo" kama mtu aliyetukanwa. Ndogo kwa nani? Kwa mtu anayecheza michezo ya kompyuta? Yeye alikuwa amepoteza mazungumzo na mama yake kwa sababu ya kimya kisichozidi pumzi chache. Kipande chochote cha kimya hicho alichoweza kukikata, alikuwa tayari kukikata. Akanyoosha kidole kwenye zile nyekundu.

"Shemeji, hizo zinaweza kutusumbua," fundi akasema.

Kidole hakikushuka. Muuzaji, ambaye hakujua hili wala lile, akaunga mkono, akasema mteja anajua kitu kizuri na kwamba hizo ndizo kali kuliko zote dukani. Kipaza akaandika kwenye simu na kumwekea shemeji mbele ya macho: *Dada anakuja Jumamosi.* Shemeji akaisoma, akashusha pumzi, akazirudisha za elfu sita mahali pake. Baadaye alijilaumu kwa hilo. Lakini ungemkatalia vipi mtu yule, na macho yake yakiwa vile?

Walipozichomeka, mashine ikaziwasha kwa kasi ya kawaida ya chini, kama zinavyofanya zote mpaka uziamrishe. Shemeji akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguka kabla mashine haijaamka vizuri, akachagua kasi ya kwenye pakiti. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi, roho zikawa juu, kisha ikawaka. Alitaka kuiacha ijipime kutwa nzima kwanza. Kipaza akamsukuma pembeni kwa bega na kuandika.

Sauti ilikuja karibu pamoja na kidole chenyewe. Mama alisema kitu, na Kipaza akajibu, na jibu likatua mahali pake. Mama akauliza swali la mtego, kutaka kujua kama kweli ni yeye: nani alivunja kioo cha kabati? Spika zikasema, kwa heshima zote za stendi, "Dada ndiye aliyevunja, mimi nikapigwa." Mama alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kurusha kichwa nyuma. Sauti ile haikujua kunong'ona wala kutania, ilikuwa imefundishwa kutangaza tu. Hata Kipaza alipoomba chai ilisikika kama chai hiyo inaondoka kwenda mkoani na abiria wote wanaombwa kupanda. Mama alisema hajali. Walizungumza mchana wote wa Ijumaa. Mke aliporudi kutoka kazini aliwakuta wanamsema yeye, na mama akamwambia atoe nguo kwenye begi, hakuna safari.

Kipaza hakuwa amefurahi namna ile tangu augue. Alikuwa akipita karibu na ile mashine anaipapasa ubavu.

Jumamosi dada akafika. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili, aliingia akisalimia kutoka getini. Alikuwa ameacha shughuli zake, akakodi gari, na sasa anaambiwa safari imeahirishwa kwa ajili ya spika. Hakukasirika, alitaka tu kuona. Wote wakakaa sebuleni. Mama alikuwa na fahari ya mtu anayetaka kuonyesha kitu chake. Akasema, "Haya baba, mwambie dada yako mwenyewe. Niende nisiende?"

Kipaza akaandika. Akabonyeza.

"Mama, usiondo—"

Sauti ikakwama. Ikarudia, "usiondo, usiondo, usiondo," haraka, bila pumzi, kisha ikageuka kuwa mkwaruzo mmoja mrefu mkali, kama wa mtu anayekabwa. Mama alipiga kelele. Aliinuka, mikono mbele, akigonga meza, akiita jina lake la utotoni, akimtafuta shingoni akijua fika kwamba hapo ndipo penye tundu na akiamini mwanawe anakata roho. Kipaza alimshika, akauweka mkono wa mama kifuani pake ahisi kwamba anapumua, lakini mkwaruzo uliendelea kutoka spikani na mama aliamini masikio. Mke ndiye aliyekimbia kuchomoa waya.

Baada ya hapo kilichosikika ni pumzi zao tu. Kipaza akamketisha mama, akarudi kwenye meza, akachomeka waya, akawasha tena. Mkewe alimkataza kwa macho, hakumtazama. Mashine ikaamka, akaandika samahani, na safari hii haikufika hata kwenye neno. Skrini iligeuka bluu na kuzima. Akawasha tena. Akaanza kulipiga lile boksi kwa kiganja, taratibu kwanza, halafu kwa ngumi, machozi yakimtiririka bila sauti yoyote, na mkewe na dada wamesimama hawajui wamshike au wamwache.

Mama alimwambia binti yake, "Nirudishie nguo kwenye begi."

Kisha akamgeukia mwanawe, au mahali alipodhani yupo. "Siku ile uko kwenye kisu nilikaa nje nikikusikia moyoni unakatika. Leo nimekusikia kwa masikio. Sitaki tena, baba. Nisamehe."

Wakaondoka kabla ya saa ya chakula. Kipaza hakusindikiza hadi getini. Alikaa kwenye kiti cha mama, kichwa mikononi, na mkewe alipomletea maji aliyaacha yakapoa mezani, na alipomwambia ale alitikisa kichwa. Siku zilizofuata alikwenda kazini na kurudi kama mtu aliyeazimwa. Wapakizi walimwonyesha mizigo iliyochanganywa, akatazama ukutani. Mkewe alianza kuficha visu, hakusema ni kwa nini, na alipogundua kwamba mumewe ameliona hilo, wote wawili waliona aibu.

Shemeji alikuja akaikuta mashine imefunikwa shuka kama maiti. Hakusema nilikuambia. Alifunua, akawasha, akaweka ile programu ya kupima memori ambayo Ijumaa hakupewa nafasi ya kuiweka, na haikuchukua muda mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine. Wapakizi walikuwa wanakimbia kweli, alisema, lakini njiani wanadondosha. Wanamletea utingo mzigo wenye kitu kilichopungua, na utingo haangalii, anapanga tu, mpaka basi linapinduka. Hakuna kitu kilichokufa. Vipande ni vizima, prosesa ni nzima. Havikubaliani tu kwa kasi ile.

Kipaza akamuuliza, kwa kuandika kwenye simu, kama ni lazima wanunue vingine.

"Hapana. Hivi hivi tunavirudisha hadi elfu sita."

Wengine wangeona ni jambo jepesi, kubadilisha namba moja kwenye ukurasa. Kipaza aliona anaombwa atie sahihi kwamba kimya kirudi. Sio chote, sehemu yake. Aliwaza mama akingoja. Aliwaza mama akipiga kelele. Mwishowe akamsogezea shemeji kibodi, akatoka nje, hakutaka kuona.

Waliiacha ijipime kutwa nzima, yeye yuko stoo. Alirudi akakuta skrini haina mstari hata mmoja mwekundu. Akaandika sentensi ndefu makusudi, yenye kila herufi ngumu, akabonyeza. Kikaja kimya kifupi, cha mtu anayemeza mate, kisha sauti yake ikasema sentensi nzima mpaka mwisho. Akajaribu tena na tena. Haikukwama. Kile kimya nacho hakikutoka. Na kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu.

Mke ndiye aliyempigia wifi yake, akamwomba ampe mama simu. Mama alikataa. Siku ya pili alikataa. Dada alisema mama anazungumza vizuri pale, anacheka na wajukuu, ila ukitaja mashine anaziba masikio kama mtoto. Siku nyingine dada hakuomba ruhusa. Aliweka simu kwenye mapaja ya mama, akaifungua sauti, akaondoka. Upande huu mke aliisogeza simu karibu na spika, na Kipaza akaandika salamu, akijua kwamba ikikwama tu, hatampata tena mama yake maishani.

"Mama, shikamoo. Ni mimi."

Walisikia pumzi, na kwa mbali watoto wakigombana.

"Marahaba," mama akasema hatimaye. "Umekula?"

Kipaza akaandika. Kile kimya kikaingia, hiki hiki kilichowaharibia mara ya kwanza.

"Hm," mama akasema, akiwa na subira ambayo hakuwa nayo sebuleni. "Mtandao wenu huko mbaya."

Jibu likafika: amekula. Mama akasema vizuri. Akauliza kuhusu kazi, akangoja, kama watu wote wanavyongoja simu inapokuwa ya mbali, na jibu likaja likakuta nafasi yake imewekwa. Kipaza na mkewe walitazamana. Sebuleni, ana kwa ana, kimya cha pumzi mbili kilikuwa kaburi. Kwenye simu kilikuwa mtandao tu. Kila mtu duniani amekwisha kuzoea mtandao mbaya.

Hakuna aliyemsahihisha. Pengine alijua mwenyewe. Mama yule hakuwa mjinga. Wakawa wanazungumza kila Kipaza anapotoka kazini, yeye kwenye meza ya mashine, mama kule kwa binti yake. Alimweleza mambo ya mji ule, majirani wapya wa kusemwa, mkwe wake wa kiume anayekoroma hadi vikombe vinagongana. Kipaza aliandika hadi vidole vikauma. Mara mbili tatu alimwomba arudi. Mama kila mara alikuwa na sababu, na sababu zilikuwa nzuri, na siku moja Kipaza akaacha kuomba. Alikuwa ameelewa. Akirudi, wangekaa tena chumba kimoja na kile kimya, bila mtandao wa kukilaumu.

Alikwenda kumwona. Alipanda basi kutoka stendi yake mwenyewe, akimsikia yule binti akilitangaza kwa mbio, akafika kwa dada alasiri. Mashine haikuweza kubebwa. Alikaa chini karibu na miguu ya mama, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama, bubu kabisa kama siku ya kwanza, na alikuwa amejiandaa kwa fedheha hiyo njia nzima.

Mama akaanza kuzungumza. Alizungumza mpaka taa zikawashwa: habari za watu waliokufa, ugomvi wa maneno na dada mtu ambao haujaisha, jambo alilolifanya baba yao ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Aliuliza na maswali pia, mengi, mengine mazito, likiwamo moja juu ya baba yao, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo kama anayeliweka mahali, kisha akaendelea na lingine. Kipaza alimbana vidole. Alitaka kujibu.

"Usijisumbue," mama akamwambia. "Yashike tu. Kesho ukifika kwako utanijibu."

Kesho yake alirudi na basi la asubuhi, akiwa ameegemea dirisha, midomo ikimchezacheza. Jirani yake wa kiti alidhani anasali. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alivuta kiti, akawasha mashine, akamwashiria mkewe apige simu, akaanza na lile swali la baba yao.